Barafu Niliyoshindwa Kuingoja

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha baridi cha kliniki yetu ndogo ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Aliyeupokea ni Espérance, binti mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maswali. Akaniambia, "Papa Deo, andika yote unajua, ili siye tusianzie sifuri." Nilicheka, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo. Asiyejua sifuri iko wapi hana atakachopima.

Basi naandika, Espérance, kwa ajili yako na wenzako. Vyeo sivitaji, maana nilikuwa na kimoja tu, mtunza chanjo, nacho hakikupanda wala kushuka. Malipo pia siyataji. Kwetu sisi wakimbizi yanaitwa motisha, na anayeijua ataelewa kwa nini nanyamaza.

Kabla vita havijanitoa Bukavu nilikuwa mtayarishaji wa maabara katika shule ya sekondari. Mwalimu wa fizikia aliingia darasani na chaki yake, akakuta mizani, vipimajoto na mitungi ya kupimia maji nimekwisha kuvipanga mezani. Yeye alifundisha, mimi niliosha vyombo chumba cha nyuma. Kwa miaka yote hiyo nilisikia somo lile lile kupitia ukutani mpaka likaniingia mifupani: mita, kilo, sekunde, digrii, kigumu, kimiminika, gesi. Sikujua kwamba siku moja ningelihitaji katika chumba cha hatua nne kwa tatu, chini ya bati la Malawi, mwezi wa Oktoba.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mayi Phiri, muuguzi Mmalawi aliyekuwa mkuu wa kliniki. Alikuwa mwembamba, na viatu vyake vyeupe havikushika vumbi, jambo ambalo kwa Dzaleka ni muujiza. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, baadaye kwa Chichewa. Hapa maneno yake nayaweka kwa Kiswahili, nikiacha tu mayi na bambo, yaani mama na bwana. Hakuniuliza cheti. Alifungua friji la chanjo, akanionyesha vipimajoto viwili kwenye rafu moja. Kimoja kilisoma nyuzi tano, kingine saba.

"Bambo Deo, kipi kinasema kweli?"

Nikajibu kwa haraka ya mgeni anayetaka kazi. "Tuchukue katikati, mama. Sita."

"Ukiwa na mashahidi wawili," alisema, "mmoja anasema mwizi ni mrefu, mwingine anasema ni mfupi, utaenda kumkamata mtu wa kimo cha kati?"

Akatwanga barafu kwa mchi wa jikoni, akajaza kikombe, akaongeza maji baridi kidogo ya kuziba nafasi, akakoroga. Kisha akavitumbukiza vipimajoto vyote viwili, tukakaa tukitazama. Maji na barafu vikikaa pamoja namna ile, joto lao halina pa kwenda: ni sifuri. Ukikiweka kikombe juani, barafu itayeyuka haraka zaidi, lakini ukizidi kukoroga utakuta sifuri ile ile mpaka kipande cha mwisho kiishe. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo mara mia nyuma ya ukuta wa darasa. Siku ile nililiona likitokea katika kikombe cha chai, na nywele za mkono zikanisimama.

Kipimajoto cha kwanza kikashuka mpaka sifuri kikatulia. Cha pili kikatulia kwenye mbili.

"Huyu ni mwongo," Mayi Phiri alisema akikinyanyua cha pili, "lakini ni mwongo mwaminifu. Kila siku anaongeza mbili. Tutambandika karatasi: *toa mbili*. Wa kumwogopa ni yule anayeongeza mbili leo, kesho moja, keshokutwa anasema kweli."

Nimefanya kazi na watu pia, na ushauri huo haujawahi kuniangusha.

Sheria ya chumba chetu ni fupi: nyuzi mbili mpaka nane. Asubuhi unasoma na kuandika, jioni unasoma na kuandika, Jumapili pia, Krismasi pia. Mungu alipumzika siku ya saba; friji halikupata habari hiyo.

Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo friji letu liliendeshwa kwa gesi, na gesi ilinifundisha somo la pili. Watu walipima mtungi kwa kuupiga kofi na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji. Wengine waliuinua, wakakunja uso, wakatangaza, "Bado iko nusu." Tazameni basi kilichomo ndani. Gesi nyingi mle mtungini ni kimiminika, imebanwa. Juu yake tu ndipo pana mvuke. Maadamu kimiminika kipo chini, mvuke unasukuma kwa nguvu ile ile, kwa hiyo mwali hautadhoofika polepole ili kukuonya. Jumanne unawaka vizuri, Jumatano umekufa, na friji linaanza kupanda: tisa, kumi, kumi na moja. Kitu kimoja tu hakiwezi kujificha, nacho ni uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake karibu na shingo. Pima, toa huo, kinachobaki ndiyo gesi yako.

Ndipo nilipokwenda Lilongwe kutafuta mizani. Pale City Centre, katika maduka yenye vioo, walinionyesha mizani ya kupimia unga wa keki. Nikaenda soko la Area 36, nikamkuta muuzaji mwenye mizani za kuning'iniza, tatu zinazofanana, zote mpya, zote za kilo hamsini. Nikaazima ndoo ya lita ishirini kwa mama muuza maji. Niliining'iniza kwanza tupu, nikaandika uzito wake, kisha nikaijaza mpaka alama ya ishirini. Lita moja ya maji ni kilo moja, Espérance. Hilo halihitaji cheti, halihitaji mhuri, na maji yapo kila mahali. Ukiwa na ndoo unayoiamini unaweza kuihukumu mizani yoyote duniani.

Baada ya kutoa uzito wa ndoo, mizani ya kwanza ilisema kilo ishirini na tatu. Ya pili ikasema kumi na nane. Watu wakaanza kukusanyika.

"Bambo," muuzaji alisema, jasho likimtoka, "mukugula sikelo kapena madzi?" Yaani nanunua mizani au maji?

"Nanunua ile inayoyajua maji," nikamjibu.

Ya tatu ikasimama kwenye ishirini, haikutikisika. Umati ukashangilia kama bao limefungwa. Mama muuza maji akanunua ile ya kumi na nane kwa bei ya kutupa. Sikumuuliza ataitumia wapi. Tangu siku hiyo gesi haikutuzimikia bila taarifa. Ilituzimikia kwa taarifa, pale maduka ya Lumbadzi, mji mdogo wa njiani kwenda Lilongwe, yalipoishiwa na nikarudi juu ya kabaza, ile baiskeli ya abiria, nimekumbatia mtungi mtupu kama mtoto mgonjwa.

Sasa nafika kwenye barafu, na hapa naomba msome polepole.

Chanjo husafirishwa ndani ya sanduku la baridi, na ukutani mwa sanduku hupangwa pakiti za barafu, vile vichupa bapa vya plastiki vilivyojazwa maji na kugandishwa. Mtu yeyote atakuambia kwamba barafu ni barafu. Si kweli. Pakiti iliyotoka sasa hivi kwenye friza ya bohari ya chanjo ya Lilongwe iko nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ni ngumu kama jiwe, na ukiigonga inalia kama jiwe. Ukiiweka karibu na chupa ya chanjo itaigandisha. Lakini ukiiacha mezani mpaka ianze kuyeyuka kidogo ndani, ukiitikisa utasikia maji yakicheza: *chaka, chaka*. Sasa imefika sifuri, na kama kile kikombe cha Mayi Phiri, haitashuka chini ya hapo wala haitapanda mpaka barafu yote iishe. Imepoa vya kutosha kulinda, na haina tena ukali wa kuua. Hapo ndipo unapakia. Yaweza kuchukua nusu saa, yaweza kuchukua zaidi. Hakuna saa inayokuambia. Sikio ndilo linalokuambia.

Na kwa nini kuganda ni kubaya? Katika chanjo nyingine, kama ile ya watoto wachanga yenye kinga tano ndani ya sindano moja, kuna chembe laini sana zinazoelea. Barafu ikijitengeneza huzisukuma chembe hizo pamoja mpaka zishikane. Ikiyeyuka, chupa inaonekana nzima, lakini chanjo imekufa. Unamchoma mtoto, analia, mama anashukuru, na mtoto anarudi nyumbani bila kinga.

Hapa ndipo watu wetu hukosea, wenye shule na wasio na shule. Joto ndilo adui tunayemjua. Samaki huoza kwa joto, maziwa huchacha kwa joto, mtoto hulala na homa. Nani amewahi kusikia kitu kimeharibika kwa baridi? Mchungaji mmoja aliwahi kuniletea kreti ya soda za harusi nimpozee katika friji la chanjo. Nilipomkatalia alisema, "Lakini Papa Deo, si baridi ikizidi ndiyo vizuri?" Nilimfundisha kwa nusu saa. Niliwafundisha na wengine wengi. Kambini wakaanza kuniita Papa Barafu, na jina hilo lilinipendeza kupita kiasi.

Kumbe mwalimu naye alikuwa hajalijua somo.

Ilikuwa Oktoba, joto la kukausha ulimi. Kliniki ilikuwa na deni kwa akina mama: mara mbili mfululizo tulikuwa tumewarudisha nyumbani. Mara ya kwanza gesi ilikosekana Lumbadzi. Mara ya pili gari lilipasuka tairi njiani kutoka Lilongwe, na tulipofungua sanduku lilisoma nyuzi kumi na tatu. Mayi Phiri akaikataa chanjo yote. Siku ile Mama Zaina alisimama mbele ya kliniki akatuambia alichofikiri. Huyu ni mama wa kutoka Kindu, muuza samaki wakavu sokoni, na anapoongea soko zima hutulia ili lisikose neno. Mgongoni alikuwa na Salumu, mtoto wake wa miezi mitatu, ambaye hakuwa amepata hata sindano moja ya kinga tano.

"Mara ya kwanza gaz, mara ya pili pneu," alisema. "Mi niko nafunga meza yangu bure. Ya tatu mukinirudisha, hamutaniona tena. Na bamama yote ya kule kwetu batasikia kwangu."

Hakuwa anatisha tu. Mtaa wake ulikuwa ukimfuata. Mama Zaina akiacha kuja, watoto arobaini na zaidi wangebaki bila chanjo, na sisi tungebaki na friji zuri lenye nyuzi tano.

Kwa hiyo nilipokwenda Lilongwe safari ya tatu nilikuwa na jambo moja tu kichwani: joto lisiniguse. Bohari ilikuwa inakaribia kufunga kwa mapumziko ya mchana. Pakiti zilitolewa kwenye friza, ngumu, zikitoa moshi wa baridi. Mwenye bohari akaniambia nizitandaze mezani zingoje. Nje Bambo Gift, dereva wetu, alipiga honi.

"Twende, bambo! Tiyeni! Jua linatuchoma, na lile tairi la akiba silo la kutegemea!"

Nikazitazama zile pakiti. Nikakumbuka tairi, nyuzi kumi na tatu, sauti ya Mama Zaina. Nikajiambia kwamba leo, kwa joto hili, ukali kidogo wa baridi utasaidia. Mimi, Papa Barafu, nikazipakia ngumu vile vile, nikazibana vizuri, nikaongeza mbili za ziada. Njiani nilikuwa na furaha. Bambo Gift aliimba. Hatukupasuka tairi, ingawa kule Lumbadzi lori lililoharibika lilitusimamisha zaidi ya saa nzima katikati ya barabara kuu. Nilitoka nje, nikaweka kiganja juu ya sanduku, nikasema moyoni: pigeni honi mpendavyo, hapa ndani ni Desemba ya Ulaya.

Ndani ya sanduku hukaa kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachohesabu baridi. Kama joto halijashuka chini ya sifuri kwa muda mrefu kinaonyesha alama ya vema. Kama limeshuka kinaonyesha msalaba, na msalaba ule haufutiki. Tulifika saa tisa alasiri. Nikafungua. Msalaba.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Chupa zilikuwa safi, hazina hata chembe ya barafu, ukizitazama ungezibusu. Yule aliyekwisha kuruka majivu akakanyaga moto ananielewa, ila moto wangu ulikuwa barafu. Kidude kilitosha mfukoni mwa shati, na choo kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Kesho akina mama wangechomewa watoto wao, Mama Zaina angetulia, na hakuna mtu ambaye angejua chochote, labda kwa miaka.

Nilikitia mfukoni. Nilipiga hatua kama kumi kuelekea choo. Kisha nikageuka, nikaenda barazani alikokuwa Mayi Phiri akipanga kadi za watoto, nikakiweka juu ya kadi.

Alikitazama. "Pakiti zilikuwa zinalia *chaka*?"

"Hapana, mama. Sikungoja."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bambo Deo, umenizeesha kwa dakika moja." Halafu hakusema lolote kunihusu. Alisema, "Msalaba unatuambia baridi ilishuka. Hautuambii kama chanjo iliganda. Tutaiuliza chanjo yenyewe."

Kuna namna ya kuiuliza, nayo ndiyo jaribio zuri kuliko yote niliyowahi kuona maishani, pamoja na yale ya Bukavu yaliyokuwa na moshi na cheche. Unachukua chupa moja ya kundi lile lile, unaigandisha kwa makusudi mpaka iwe jiwe, kisha unaiacha iyeyuke. Hiyo unajua kwa hakika imekufa. Unaishika pamoja na ile unayoitilia shaka, unazitikisa sawasawa, unaziweka mezani, unatazama. Iliyokufa, chembe zake zilizoshikana ni nzito. Zitazama chini haraka. Iliyo hai itabaki nyeupe kama maziwa. Tulifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa moja tukaitia kwenye sehemu ya kugandishia ya friji letu, ikalala humo mpaka asubuhi.

Asubuhi akina mama walikwisha kujaa barazani kabla yangu. Mayi Phiri akawaambia wangoje kidogo, kuna kitu tunakihakikisha. Mama Zaina akasimama.

"Papa Barafu! Ni nini tena? Leo ni gaz ao ni pneu?"

"Leo ni mimi," nikamwambia. "Njo mi nilikosea, Mama Zaina. Nilitia barafu ngumu. Labda chanjo iliganda njiani, labda haikuganda. Tunataka kujua."

"Iligandaje na jua hii? Bantu banaungua, we unasema chanjo iliona baridi?" Akawageukia wenzake. "Muko munasikia? Banatafuta tu sababu."

Kelele zikapanda. Nikamtazama Mayi Phiri, ambaye Kiswahili hakukijua lakini kelele za akina mama alizijua vizuri. "Wanataka nini?" akauliza.

"Wanadhani tunawadanganya."

"Basi leta meza nje."

Tukaitoa meza, tukatandika kitambaa cheusi. Nikaweka chupa mbili, moja yenye uzi mwekundu, iliyokwisha kuyeyuka, na moja kutoka sandukuni. Nikawaeleza kila mama aliyeweza kusikia: hii ya uzi niliiua mwenyewe, kwa makusudi. Hii nyingine hatujui. Zikifanana, ile nayo imekufa. Nikazishika zote mbili kwa mkono mmoja, nikazitikisa, nikaziweka.

Mwanzoni zilikuwa mapacha, nyeupe zote mbili.

"Ziko sawasawa!" Mama Zaina akapiga makofi. "Tuchome, twende soko!"

"Ngoja, mama. Zikifanana ndiyo mbaya."

"Aa! We Papa, unataka zigombane?"

Watu wakacheka, hata mimi. Kisha mmoja akasema "Muone!" na kicheko kikakatika. Katika chupa ya uzi mwekundu theluji ilianza kunyesha. Vipande vidogo vidogo vilishuka, vikatulia chini, na juu kukatokea maji safi ya kuangaza, ungeweza kuona kitambaa kupitia hapo. Wanawake waliinama wote kwa pamoja, watoto migongoni wakiinama nao. Nitakiri jambo la aibu: hatia yangu ilikuwa imelala pale mezani, lakini moyo wangu ulidunda kwa furaha. Miaka yote ya kuosha vyombo nyuma ya ukuta, na sasa nilikuwa na darasa la watu hamsini wasiopumua, wakitazama kigumu kikijitenga na kimiminika.

Mama Zaina pekee hakuitazama ile ya uzi. Aliikazia macho nyingine.

"Papa Barafu," alisema taratibu, sauti ambayo soko halijawahi kuisikia. "Na hii pia. Angalia juu."

Juu kabisa ya chupa ya pili palikuwa na mstari wa maji safi, mwembamba kama ukucha. Tukautazama ukikua. Ilipofika robo saa, ungefungua ule uzi mwekundu usingejua chupa ipi ni ipi.

"Imekufa," nikasema. "Sanduku lote. Nimeiua mimi."

Nilingoja matusi. Mama Zaina alimshusha Salumu mgongoni, akampakata, akamtazama usoni muda mrefu.

"Hii njo ulitaka kumuchoma?"

"Ndiyo ingechomwa, kama tusingeuliza."

"Na we mwenyewe njo ulisema? Hawakukukamata?"

"Mimi mwenyewe."

Akainuka na mtoto. Halafu akasema, "Mwanaume muzima, anaogopa jua mpaka anaua dawa," akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Baraza likabaki tupu, na mezani zile chupa mbili.

Tuliziandika chupa zote *zisitumike*, tukazifungia kando, nikatia sahihi ripoti kwa jina langu. Chanjo nyingine ilipatikana Lilongwe baada ya siku tisa. Nilitandaza pakiti mezani bohari, nikakaa kando yake kama mtu anayelinda wagonjwa. Kila baada ya dakika chache nilishika moja nikaitikisa sikioni. Jiwe. Jiwe. Bambo Gift akapiga honi, akaja mlangoni, akakuta nimefumba macho na pakiti sikioni. "Bambo, unapiga simu?" Nikampa moja asikilize mwenyewe. Akaanza kuitikisa kila dakika, na ilipolia mara ya kwanza, *chaka*, alipiga kelele kabla yangu. Tulipofika Dzaleka kidude kilionyesha vema, nasi tukatangaza chanjo ya kesho yake.

Lakini asubuhi iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Mayi Phiri alipanga kadi, akazipanga upya. Friji lilisoma nyuzi nne, nami niliandika nne, nikifikiri kwamba nyuzi nne hazina maana kama hakuna mtoto.

Saa nne kasoro nikasikia sauti kabla sijaona mtu. Ilikuwa inatoka upande wa soko, na ilikuwa inafoka.

"Tembeya basi! Munaogopa nini? Kule banaonyesha!"

Mama Zaina alitangulia. Nyuma yake walikuja akina mama wa mtaa wake, wakavuta wengine njiani, Warundi, Wakongo, na Wamalawi wa vijiji vya jirani. Sikuwahesabu; kwa mara ya kwanza katika kazi yangu kulikuwa na kitu sikutaka kukipima. Alifika mezani, akaketi, akampakata Salumu. Mayi Phiri akachukua chupa mpya, isiyofunguliwa, na sindano.

"Bado," Mama Zaina alisema. Akanyoosha mkono wazi. "Nipe kwanza."

Mayi Phiri akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, naye akampa. Mama Zaina akaitikisa chupa kwa nguvu ya mtu anayekung'uta vumbi kwenye samaki, akaiweka juu ya goti lake, akaitazama. Dakika zikapita nyingi. Chupa ikabaki nyeupe juu mpaka chini, nyeupe kama maziwa, haikutoa hata mstari.

"Iko muzima," alisema, akairudisha. "Mayi, choma."

Salumu alilia kwa sauti iliyofika sokoni. Na kabla hajanyamaza, mama aliyekuwa nyuma yake katika foleni alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja kwangu.

"Na miye nipe chupa, Papa. Niangalie."